Unakwenda Italia? Usifiche kwamba unatoka Kagera

Mwaka 2025 niliulizwa maswali ya safari ya Ulaya kuliko mwaka mwingine wowote wa kazi yangu. Sababu inajulikana. Mwaka huo ulikuwa Mwaka wa Jubilei kwa Wakatoliki. Ulianza Roma tarehe 24 Desemba 2024 na ulifungwa tarehe 6 Januari 2026. Parokia ziliandikisha mahujaji, na vijana nao walipangiwa juma lao, kuanzia 28 Julai hadi 3 Agosti 2025. Ongeza hapo wanafunzi wanaopata nafasi katika vyuo vikuu vya Italia, mapadri na masista wanaotumwa masomoni, na watu wa ushirika wa kahawa wanaoalikwa na wanunuzi, utaona kwamba hata sisi wa Isingiro, Kaisho, Nkwenda na Kayanga tuna sababu ya kuzungumza kuhusu nchi iliyoko kwenye Bahari ya Mediterania.

Wengi huniuliza kuhusu baridi. Nitafika huko, na jibu litawashangaza. Lakini naanza na homa, kwa sababu homa ndiyo inayoweza kumrudisha msafiri wetu nyumbani ndani ya jeneza.

Homa ya siku ya kumi

Fikiria hivi. Mbu amekuuma nyumbani Isingiro siku tatu kabla ya kuondoka. Hukujua, na hata ungejua usingejali, maana mbu wanatuuma kila siku. Umepanda ndege, umefika Roma, umezunguka makanisa makubwa manne, umepiga picha. Siku ya saba au ya nane ukiwa huko mwili unaanza kuuma, kichwa kinagonga, unasikia baridi wakati wenzako wanajipepea. Unasema ni uchovu, au ni kiyoyozi cha hoteli. Unameza panadoli, unalala.

Hiyo inaweza kuwa malaria uliyosafiri nayo. Vimelea vya malaria kali, aina tuliyonayo kwa wingi huku kwetu, hukaa mwilini angalau juma moja kabla ya kuleta homa, na mara nyingi huonekana ndani ya mwezi mmoja. Kwa sisi tuliokua nayo, miili yetu hubishana nayo kidogo, kwa hiyo inaweza kuchelewa hata miezi kadhaa. Ndiyo maana mwanafunzi aliyeondoka Septemba anaweza kuugua Novemba, na hakuna anayekumbuka tena habari ya mbu.

Hapa nyumbani ukipata homa, hata jirani atakuambia ukapime malaria. Zahanati ina kipimo cha haraka na majibu yanatoka ndani ya dakika 15 au 20. Kule Italia hakuna jirani wa kukuambia hivyo. Neno lenyewe malaria ni la Kiitaliano, lina maana ya hewa mbaya, kwa sababu wazee wao waliamini ugonjwa unatoka kwenye hewa ya mabwawa. Kwa karne nyingi uliwaua wakulima wa maeneo yaliyouzunguka mji wa Roma. Lakini walipambana nao, na mwaka 1970 Shirika la Afya Duniani likaitangaza Italia kuwa nchi isiyo na malaria. Leo karibu kila mgonjwa wa malaria anayeonekana kule ameingia nayo kutoka nje. Daktari kijana wa zamu ya usiku anaweza kuwa amemaliza miaka yake yote ya masomo bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Akimwona mtu mwenye homa, mwili unaouma na tumbo la kuharisha, atafikiria mafua au chakula kibaya. Ni wewe utakayemkumbusha.

Kwa hiyo andika maneno haya kwenye karatasi, uyaweke pamoja na pasipoti: “Vengo dalla Tanzania, zona di malaria. Ho la febbre.” Maana yake ni kwamba ninatoka Tanzania, eneo lenye malaria, na nina homa. Mpe muuguzi wa mapokezi ile dakika ya kwanza unapofika, usisubiri kumwona daktari. Nasema mapokezi kwa sababu idara yao ya dharura, inayoitwa pronto soccorso, hupanga wagonjwa kwa rangi. Nyekundu anaingia mara moja, kisha chungwa, kisha bluu ya mbingu. Kijani na nyeupe wanaweza kusubiri saa nyingi kwenye viti. Mtu mwenye homa anayetembea kwa miguu yake na kutabasamu kwa heshima, kama tulivyolelewa, anaweza kupewa kijani. Malaria kali haina subira ya namna hiyo, hasa kwa mtoto, mjamzito au mtu wa selimundu.

Aibu ya Marburg

Sasa nifike kwenye kichwa cha makala hii. Kuna tabia inayoenea miongoni mwa wasafiri wetu, ya kujibu “natoka Dar es Salaam” wakiulizwa wanatoka wapi. Ninaelewa ilikotoka. Tarehe 21 Machi 2023 mkoa wetu ulitangaziwa ugonjwa wa Marburg, katika wilaya ya Bukoba, na ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Kisha tarehe 20 Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo, na ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Katikati ya hapo majirani zetu wa Rwanda nao walikuwa na mlipuko wao mwishoni mwa 2024. Kwa hiyo jina la Kagera limesikika mbali kwa jambo ambalo hakuna anayelitaka, na mtu anaogopa kwamba akilitaja atazuiwa au atakimbiwa na watu.

Naomba tulitazame hili kama watu wazima. Ukisema Kagera hospitalini, inawezekana kabisa wakakuweka chumba cha peke yako, wakaingia wamevaa gauni na barakoa, wakakuchukua damu kwa tahadhari nyingi. Hilo linaudhi. Lakini kutengwa kwa saa chache si kifungo, na daktari aliyesikia Kagera anajua apime nini: malaria kwanza, kisha mengine. Daktari aliyesikia Dar es Salaam naye anaweza kupima malaria, lakini atakuwa anatafuta njia gizani kama utaficha pia kwamba ulikuwa msibani, au shambani, au kwamba uliwatunza wagonjwa juma moja kabla ya safari. Akiuliza maswali hayo, mjibu. Ikiwa hukukaribia mgonjwa wala maiti wala pango lenye popo katika siku 21 zilizopita, sema hivyo. Jibu hilo ndilo litakalokutoa kwenye chumba cha peke yako haraka. Na ikiwa ulikaribia, basi wenzako wa basi moja wana haki ya kujua.

Ombi langu ni moja tu: tahadhari ya Marburg isiwafanye wasahau malaria. Uliza, kwa upole lakini kwa kurudia, kama kipimo cha malaria kimechukuliwa. Mjini Roma ipo taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza, Lazzaro Spallanzani, na wataalamu wake wanayafahamu magonjwa yetu. Hospitali ndogo inaweza kuwapigia simu.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa Karagwe hasa wanapaswa kulitaja kwa jina la wilaya. Utafiti uliofanywa mkoani kwetu miaka ya karibuni umekuta, na Karagwe ndiko kulikoonekana zaidi, vimelea vya malaria vyenye badiliko la vinasaba linaloitwa R561H. Badiliko hilo huvifanya vichelewe kufa vinapokutana na dawa za kundi la artemisinini, ambalo ndilo uti wa mgongo wa dawa yetu ya mseto na sindano ya artesuneti. Dawa mseto bado inaponya, na usimsikilize mtu anayekuambia imekwisha nguvu. Lakini daktari aliye mbali akijua vimelea hivi vinatoka Karagwe, atarudia kupima damu siku ya pili na ya tatu kuona kama vinapungua, badala ya kukuruhusu uondoke kwa sababu tu homa imeshuka.

Naulizwa pia: nibebe dozi ya mseto kwenye begi? Unaweza. Haina uzito, na famasi nyingi za kule haziiweki. Lakini usiimeze kwa kubahatisha chumbani hotelini. Ukiimeza kabla ya kupima, unaharibu picha ya kipimo, na kama homa ni ya kitu kingine utakuwa umepoteza siku. Nenda kapime, ukiwa na dozi yako mkononi.

Joto, si baridi

Nimewaona akina mama wakinunua masweta mnadani kwa ajili ya safari ya Julai. Wayarudishe. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunaishi juu milimani, usiku tunajifunika blanketi mwaka mzima, na ndiyo maana tunaamini kwamba Ulaya ni baridi zaidi yetu. Roma mwezi wa Julai na Agosti hupita nyuzi joto 35 mara kwa mara, na mawe ya barabarani hulihifadhi joto hilo hadi usiku. Kiwango cha juu kabisa cha joto kilichowahi kuthibitishwa barani Ulaya ni nyuzi 48.8, kilichopimwa kisiwani Sicily, nchini humohumo Italia, tarehe 11 Agosti 2021. Mtu wa Isingiro hajawahi kukutana na joto la namna hiyo maishani mwake.

Mzazi unayemtuma kijana kwenye mkusanyiko kama Jubilei ya Vijana ya 2025, elewa kwamba ratiba iliwapeleka uwanja wa wazi wa Tor Vergata, nje kidogo ya mji, kwa mkesha wa usiku wa kuamkia 3 Agosti. Walitembea mwendo mrefu juani, walilala nje, waliamkia jua. Kijana mzima anaweza kuvumilia hayo akinywa maji. Kosa la vijana wetu ni kuona aibu kumwambia kiongozi kwamba anajisikia vibaya, wakidhani ni ulegevu. Mwambie kabla hajaondoka: kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza na mkojo kuwa wa rangi ya chai ya rangi ni dalili za kukaa kivulini mara moja, kunywa maji yenye ORS na kulowesha nguo. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au akizimia, au ngozi ikiwaka moto, hiyo si ya kusubiri. Mmwagieni maji, mpepeeni, pigeni 112. Namba hiyo ni ya dharura zote, ni bure, na inafanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Maji hayapaswi kuwa tatizo Roma. Mji una chemchemi ndogo za chuma zipatazo 2,500 mitaani, zinazomwaga maji mchana na usiku, na ni salama kunywa. Wenyeji huziita nasoni, yaani pua kubwa, kwa umbo la bomba lake. Beba chupa, jaza. Hakuna haja ya kununua maji kwa bei ya watalii.

Kidonge cha maji na aibu ya choo

Jambo hili naliona karibu kila mara ninapompokea mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Mama wa miaka sitini na kitu, mgonjwa wa presha, amekunywa dawa vizuri kwa miaka. Anarudi kutoka hija akiwa na presha ya kutisha na miguu iliyovimba. Ukimuuliza kwa utaratibu, anacheka kwanza, halafu anasema: “Daktari, kile kidonge kinachokojoza nilikiacha. Ningewaambiaje wasimamishe basi kila mara?”

Mama zangu, nawaelewa. Lakini kidonge cha kutoa maji hakiachwi kimyakimya. Njoo kliniki mwezi mmoja kabla ya safari, tupange saa ya kukimeza. Wengine tunawahamishia jioni mapema, wengine tunawabadilishia dawa, na wale wa moyo tunawaambia ukweli kwamba hakuna namna, itabidi wakae karibu na choo. Na kwa joto lile, wapo ambao tunapunguza dozi ili wasikaukiwe maji. Hayo ni maamuzi ya kufanywa tukiwa tumekaa, tukiwa na kipimo cha presha mezani.

Dawa zako zote za kila siku ziwe kwenye begi la mkononi, kwenye vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa, siyo jina la biashara pekee. Begi kubwa linaweza kubaki Addis Ababa, Doha au Istanbul, njia ambazo wengi wetu hupitia. Insulini hasa haipaswi kwenda chini ya ndege, inaweza kuganda na kuharibika. Mkigawana safari wawili, kila mmoja abebe nusu ya dawa za mwenzake, maana wezi wa mifukoni wa Roma, hasa kwenye mabasi na pale stesheni ya Termini, hawachagui begi la mgonjwa.

Saa za dawa hazina shida kubwa. Majira yao ya joto, Roma iko nyuma yetu kwa saa moja tu. Baada ya mwisho wa Oktoba inakuwa saa mbili. Anayemeza dawa saa mbili asubuhi hapa ataimeza saa moja asubuhi ya kule, basi.

Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI: viza ya Italia haidai kipimo cha VVU, na hakuna mtu wa uwanja wa ndege mwenye haki ya kukuzuia kwa sababu ya dawa hizo. Waeleze CTC yako mapema ili wakupe za miezi inayotosha. Ninawafahamu watu walioacha dawa nyumbani kwa hofu ya begi kufunguliwa mbele ya wanaparokia. Zihamishie kwenye kopo lisilo na sauti, weka barua ndani ya bahasha iliyofungwa, usonge mbele.

Tahadhari ya kweli ni kwa dawa za maumivu makali kama tramadoli na zenye kodini, na kwa fenobabitoni ambayo watoto wengi wa kifafa huku kwetu wanatumia. Hizi zinadhibitiwa kisheria. Nchi za Ghuba zina ukali wa pekee, hata kama unapita tu kubadilisha ndege. Ikiwa mtoto wako anatumia fenobabitoni, usisafiri bila barua yenye muhuri. Na ikiwa wewe ni mzee unayetuliza mgongo kwa tramadoli uliyonunua dukani bila cheti, iache nyumbani, na tukutane tuzungumze kuhusu mgongo huo.

Mtoto wa selimundu na maharage ya Waitaliano

Wazazi wa watoto wenye selimundu huniuliza kama ndege inaruhusiwa. Kwa mtoto aliyetulia, ndiyo. Ndani ya ndege hewa huwa nyepesi kama ya mlimani, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari au zaidi kidogo, na ni kavu. Anywe maji kila saa, avae nguo nzito maana ndani ni baridi, atembee. Asisafiri kama ametoka kulazwa kwa maumivu majuma machache yaliyopita, au damu iko chini kuliko kawaida yake, au wengu umevimba ghafla. Hakikisha chanjo zake za nimonia na homa ya uti wa mgongo zimezungumzwa kliniki. Kwa Kiitaliano ugonjwa huu huitwa anemia falciforme, na habari njema ni kwamba madaktari wa Italia ya kusini wanaujua vizuri, kwa kuwa upo katika damu ya wenyeji wa huko pia. Malaria ya zamani ndiyo iliyouacha kwao, kama ilivyouacha kwetu.

Malaria hiyohiyo iliacha kitu kingine pande zote mbili: upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Mtu mwenye upungufu huo anaishi vizuri mpaka akutane na dawa fulani au na aina moja ya maharage makubwa ya kijani, fava, ambayo Waroma hupenda kuyala mabichi na jibini wakati wa majira ya kuchipua, na ambayo Wamisri huyapika kila asubuhi kwa jina la ful. Chembe za damu hupasuka, mkojo unakuwa kama kokakola, macho yanakuwa ya njano. Aina ya upungufu tuliyonayo Afrika kwa kawaida si kali kama yao, lakini wavulana wengi wa kwetu hawajawahi kupimwa. Kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kubadilika mkojo baada ya dawa, mtoto asionje fava. Maharage yetu hayana shida hiyo.

Barabara, bima na mengine

Waitaliano wanaendesha upande wa kulia. Sisi tumezoea kutazama kulia kwanza tunapovuka, na mazoea hayo yako miguuni, si kichwani. Kule gari la kwanza linakuja kutoka kushoto. Wafundisheni bibi na babu kwa mazoezi kabla ya kuondoka, kwa kusimama nao barabarani kabisa, hata kama majirani watacheka. Na mistari myeupe ya kuvukia isiwadanganye, pikipiki ndogo za Roma haziamini sana mistari.

Baharini, pale panapopeperushwa bendera nyekundu, mtu haingii. Vijana wetu waliojifunzia kuogelea mto Kagera, au ambao hawakujifunza kabisa, wabaki maji ya magotini.

Bima ya safari ni sharti la viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, nayo lazima ifike angalau euro 30,000 na igharimie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, mtu akiwa hai au amefariki. Kadi ya NHIF haitambuliki kule. Soma ile sehemu ya maandishi madogo kuhusu magonjwa uliyokuwa nayo kabla. Wakala akikuambia “usiandike kisukari, bei itapanda”, tafuta wakala mwingine, kwa sababu sukari ikipanda Roma kampuni itakataa kulipa na watakuwa na haki. Mwanafunzi wa mwaka mzima ajiandikishe katika huduma ya afya ya taifa ya Italia mara anapopata kibali cha kuishi. Na hata aliyeishiwa vibali, sheria yao ya mwaka 1998 inampa haki ya matibabu ya dharura na ya lazima, na hospitali haipaswi kumripoti kwa kuwa ameomba matibabu. Nalisema hili kwa ajili ya wazazi wenye watoto huko ambao wanaogopa kwenda hospitali.

Kuhusu homa ya manjano: Italia haikudai cheti, lakini Uganda inakudai ukiingia kwa Murongo kwenda Entebbe, na nyumbani wanaweza kukudai ukirudi kupitia Ethiopia ukikaa uwanjani zaidi ya saa 12. Chanjo ni moja kwa maisha yote, ila cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya kuchanjwa. Usichanje siku ya kuondoka. Muulize mganga mkuu wa wilaya kituo kilicho karibu.

Na mubilizi wa kwenye chupa, ule wa kuchemsha kwa ajili ya homa, ubaki nyumbani pamoja na nyama ya kukausha na maziwa, ambavyo forodha za Ulaya huvitupa mbele ya macho yako. Ndizi mbivu zinaruhusiwa, kama kuna mtu anaitamani sana.

Wanaokuja Krismasi

Upande wa pili wa safari hii haupewi uzito unaostahili. Desemba wanakuja: kaka aliyeoa Verona, dada anayefanya kazi Naples, na watoto wao waliozaliwa kule. Bibi anawapokea kwa furaha, wanalala sebuleni kwenye magodoro, bila chandarua, kwa sababu vyandarua viwili vya nyumba vimeshatumika. Mvua za vuli zimenyesha, mbu wapo.

Kinga ya mtu mzima dhidi ya malaria hupungua anapokaa miaka bila kuumwa na mbu wenye vimelea, na mtoto aliyezaliwa Italia hana kabisa, hata kama ni Mnyambo wa damu pande zote mbili. Barani Ulaya, wengi wa wanaougua malaria ya kutoka Afrika si watalii bali ni watu kama hawa, waliokwenda kuwasalimia wazazi. Wanaona aibu kumeza dawa za kinga mbele ya ndugu, wasije wakaambiwa wamekuwa Wazungu.

Bibi na babu, mnaweza kuwasaidia. Wapigieni simu Oktoba, waambieni wamwone daktari wa kule kabla ya kukata tiketi. Atachagua dawa ya kinga kwa uzito na umri wa kila mtoto. Zote huanzwa kabla ya kuondoka, na zote huendelea baada ya kurudi, nyingine juma moja, nyingine majuma manne. Hapo ndipo wengi hukosea, wanaacha wakishafika kwao. Ninyi tayarisheni chandarua chenye dawa kwa kila godoro. Mtoto akipata homa akiwa kwenu, apimwe siku hiyohiyo, Isingiro, Nyakahanga, Nyakaiga au zahanati yoyote iliyo karibu, asisubiri kuona kama itapoa. Na mama yake abebe majibu ya kipimo kwenye begi anaporudi Verona, ili homa ikimrudia mtoto mwezi wa pili, daktari wa huko ajue pa kuanzia.